Upande Mmoja wa Ndevu

Dukani, 4 Machi

Kwako Maswali, mpwa wangu, jicho la ukoo,

Salaam nyingi kama nywele nilizofagia maisha yangu yote, na unajua hizo hazina hesabu. Mimi mzima. Goti linalalamika, lakini goti ni kama mteja msumbufu, ukilisikiliza sana hufungui duka.

Mama yako alipita hapa juzi akaninong'oneza habari. Na unamjua dada yangu, akinong'ona wanasikia mpaka barabara ya pili. Eti utafanywa profesa! Nikasimamisha wembe kwenye shingo ya mtu. Huyo mtu ni Fundi Viatu, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Akasema, "Mzee, ama endelea, ama nitakufa sijajua profesa wa nini."

Nikamwambia, "Profesa wa Waosmani."

"Hao ni kina nani? Wamehamia lini?"

Nikamwambia, "Wewe shona viatu."

Lakini alipoondoka nikakaa kwenye kiti changu mwenyewe nikawaza. Mimi ukinibana siwezi kuwaeleza Waosmani vizuri. Najua walikuwa na masultani, najua walivaa vilemba vikubwa kuliko mito ya kulalia, na najua wamekula ujana wako. Ulipokwenda ng'ambo kusoma maandishi yao ulikuwa na mashavu. Uliporudi ulikuwa na miwani.

Picha yako nimeibandika juu ya kioo, pembeni ya ule ubao niliouandika kwa mkono wangu: NYWELE. NDEVU. WATOTO WANAOLIA HATUNYOI. Mteja akikaa lazima akuone. Asipouliza wewe ni nani, namzungusha na kiti mpaka aulize. Wengine wanatoka na mstari umepinda kidogo kisogoni, lakini wanatoka wanakujua.

Basi nieleze, kwa lugha ya mtu aliyesomea mbao za maduka: hasa unafanya kazi gani huko, na uprofesa wenyewe umekwama wapi? Kama kuna mlango unaotaka bega, bega ninalo.

Ni mimi mjomba wako,
Wembe wa Dhahabu
(jina nilipewa na umma, sikujipa)


Chuoni, 19 Machi

Mjomba wangu, shikamoo,

Barua yako nimeisoma kwenye chumba cha walimu nikacheka mpaka wenzangu wakaniuliza kama nimepata msiba au zawadi.

Umeuliza kazi yangu. Zamani sana, zaidi ya miaka mia nne, kwenye miji ya Waosmani, watawala wa Uturuki ya kale, zilianza nyumba za kahawa. Askari alikaa pale, karani akakaa, fundi cherehani akakaa, mwanafunzi asiyetaka kurudi darasani akakaa. Na penye watu wamekaa hawana haraka, unajua wewe kuliko mimi, hapakosi msimulizi. Alikuwa mtu mmoja tu, kitambaa begani na fimbo mkononi, lakini akianza unasikia mji mzima: mzee, mke wa mzee, punda wa mzee. Wakubwa waliziogopa nyumba hizo. Mara wanazifunga, mara zinafunguliwa tena.

Wengine wameandika vita vya masultani, wameandika vizuri. Mimi nimeuliza swali dogo: watu wale walikuwa wanacheka nini? Kulijibu kumenichukua ujana, kama ulivyosema. Nasoma majalada ya mahakama zao na mikusanyo ya vichekesho iliyonakiliwa kwa mkono. Maandishi yao yanatoka kulia kwenda kushoto, na nukta zinakosekana palepale unapozihitaji. Kuna neno lilinitesa wiki nzima, nimefungua kamusi zote, kumbe ni tone la kahawa.

Uprofesa uko mikononi mwa kamati. Kitabu changu wanacho. Wanachongoja ni barua kutoka kwa watu wa nje ya chuo wanaoijua kazi yangu, waseme kama inafaa. Watu wa namna hiyo ni wachache sana duniani, na nusu yao hawajibu barua.

Na kitu kimoja cha kukufurahisha. Kwenye sura ya tatu imo ile hadithi yako ya hakimu aliyenyolewa upande mmoja. Ukurasa mzima! Mengine nitakueleza nikija.

Mpwa wako,
Maswali


Dukani, 2 Aprili

Kwa Kamati ya Kutoa Uprofesa,

Waheshimiwa wanaume kwa wanawake,

Nimesikia mnatafuta mtu wa nje anayeijua kazi ya mpwa wangu. Tulieni, mmempata. Mimi ni wa nje, tena wa nje kabisa, kutoka kwangu hadi kwenu ni safari ya kutwa. Na mtoto huyo namjua tangu anakojoa kitandani (hilo msiliweke kwenye faili).

Kwanza mnijue. Wengine watawaletea vyeti vya karatasi. Vyeti vyangu viko vichwani mwa watu, vinatembea barabarani, mvua ikinyesha havilowi. Nimenyoa mameya, nimenyoa bondia aliyeogopa wembe, nimemnyoa askari aliyekuja kunikamata, akasahau alichokuja kufanya.

Pili, mtoto mwenyewe. Akitoka shule alikuwa anakuja kukaa kwenye benchi la wateja, miguu haifiki chini. Mimi nikitaka kusimulia huwa nasema, "Watu wa benchi, songeni, mwenzenu apate pa kuweka masikio!" Basi wote wanasonga. Nikimaliza, wengine wanacheka wanakwenda zao. Huyu anacheka kwanza, halafu anauliza. Mjomba, hakimu alivaa nini? Mjomba, ilikuwa ndevu za kulia au za kushoto? Nikisema za kulia leo, wiki ijayo nikateleza nikasema za kushoto, ananikamata mbele ya watu. Hakuna binadamu aliyewahi kunitesa kama yule. Ndipo nikamwita Maswali. Mtu kama huyo mkimnyima uprofesa mtampa nini, ulinzi wa geti?

Tatu, sura ya tatu. Hadithi ya hakimu iliyomo humo ni yangu. Ilitokea hapahapa dukani na kiti ninacho. Nawapa kwa ufupi mjue kiwango.

Palikuwa na hakimu mwenye haraka. Akisikiliza upande mmoja wa kesi, huyo anakata hukumu, upande wa pili hata mdomo haujafunguka. Siku moja nikapelekwa kwake kwa kusingiziwa. Mshitaki akasema, mimi nikakohoa ili nianze, hakimu akagonga meza: "Nimesikia, inatosha, una hatia!" Nikakubali yaishe. Kesho yake nani anaingia dukani, amekaribishwa mahali na watu wakubwa, anataka ndevu ziondoke zote? Yeye. Nikampaka povu, nikanyoa upande mmoja, safi kama yai. Nikakunja wembe, nikamvua shuka. Akajitazama kwenye kioo akapiga ukelele, "Na upande wa pili?" Nikamwambia, "Mheshimiwa, nimeshughulikia upande mmoja. Nimeona inatosha."

Hiyo ndiyo elimu aliyoipata hapa. Hao Waosmani wameongeza vilemba tu.

Mpeni cheo chake. Nanyi mkipita huku, karibuni, mtanyolewa pande zote mbili.

Wembe wa Dhahabu
Kinyozi na Mtu wa Nje


Idara ya Historia, 24 Aprili

Mzee wetu,

Nimeipokea barua yako kwa heshima. Kwa utaratibu wetu ndugu wa mwombaji hawezi kumtolea ushahidi, kwa hiyo haitahesabiwa miongoni mwa barua za watu wa nje. Hata hivyo wajumbe wote wameisoma, na wengine wameirudia.

Nina swali moja. Unasema hadithi ya hakimu iliyomo katika sura ya tatu ilianzia kwako. Naomba unithibitishie jambo hilo kwa maandishi: ni kweli ilianzia kwako? Sababu ya kuuliza sitaieleza kwa sasa, ili jibu liwe lako peke yako.

Wako,
Mkuu wa Idara


Dukani, 6 Mei

Mkuu wa Idara,

Umefanya vizuri kuniuliza mimi, maana dunia ina wezi.

Ilianzia kwangu na imekaa kwangu. Mwingine yeyote, awe hai awe maiti, akidai hadithi ile ni yake, huyo ni mwongo, na mwambieni nimesema mimi. Shahidi wangu ni Fundi Viatu, ambaye ameweka sahihi hapa chini.

Nimefurahi mnaichunguza kazi ya mtoto kwa makini hivi. Inaonyesha mmeona uzito wake.

Wembe wa Dhahabu

*Mimi Fundi Viatu nathibitisha kwamba hadithi hiyo nimeisikia kwake mara nyingi kuliko nilivyopenda.*


Chuoni, 30 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Nimeandika barua hii nikaichana, nikaiandika tena. Hii ndiyo imesalimika.

Nimeitwa na Mkuu wa Idara. Ameniwekea barua zako mbili mezani. Sikujua kama umeiandikia kamati. Sikujua!

Sasa nisikilize, maana kosa la kwanza ni langu. Ile hadithi ya hakimu sikuiandika kwa sababu niliisikia kwako. Niliikuta. Ilikuwa mwaka wangu wa pili ng'ambo, kwenye chumba cha kusomea cha maktaba, mahali ambapo hata kalamu ya wino huruhusiwi kuingia nayo. Walikuwa wameniletea mswada wa vichekesho, umelazwa kwenye mto kama mgonjwa. Nikawa nafunua kurasa kwa ncha za vidole. Nikafika kwa mtu asiye na jina, anaitwa tu kinyozi wa karibu na lango la soko. Anasimulia kwenye nyumba ya kahawa kwamba palikuwa na kadhi anayekata kesi kwa kusikia upande mmoja, siku moja kadhi yule akaja kunyolewa. Nikaacha kusoma kidogo. Nikajua mstari unaofuata kabla sijaufikia. Kichekesho kile kimeandikwa na kunakiliwa zaidi ya miaka mia tatu kabla hujazaliwa, Mjomba, na kinaishia vilevile: upande mmoja unatosha.

Nikacheka kwa sauti. Msimamizi akanitazama kama nimepiga filimbi msibani. Halafu nikalia, na hilo ndilo lilimchukiza zaidi, maana machozi na karatasi kuukuu ni maadui. Siku ile ndiyo nilijua nitaifanya kazi hii maisha yangu yote. Mpaka hapo nilikuwa nasoma habari za watu. Siku ile nilisikia sauti ya mtu ninayemjua.

Na sikukuambia. Hadithi ile ndiyo kofia yako, nami sikutaka kuwa mtu wa kukuvua kofia mbele ya benchi. Nikaandika "ile hadithi yako", nikajiona mpwa mwema. Sasa wema wangu na majigambo yako vimekutana kwenye meza ya kamati.

Mjumbe mmoja anasema nimeitunga. Anasema nimechukua kichekesho cha nyumbani nikakivisha kilemba. Ametumia maneno yako hasa: "wameongeza vilemba tu." Kwenye kazi yetu hakuna tuhuma mbaya kuliko hiyo. Anayebuni chanzo hakosi uprofesa peke yake, anapoteza hata ualimu alionao, na hakuna atakayekisoma kitabu chake tena. Maktaba yenye mswada imefungwa kwa ukarabati. Picha za kurasa ninazo, lakini kwenye kamati hakuna anayeweza kusoma maandishi yale. Zimepelekwa kwa wataalamu wawili ng'ambo, nasi tunangoja. Wameshasikia upande mmoja. Unaona mwenyewe.

Sikuombi uandike chochote, Mjomba. Nakuomba usiandike.

Mpwa wako


Chuoni, 28 Juni

Mjomba,

Mama anasema duka umelifunga na ule ubao umeushusha. Anasema ukigongewa unajibu kwamba mwenyewe hayupo, kwa sauti yako mwenyewe.

Sikukasirika kiasi hicho. Nuna ukitaka, lakini niandikie hata neno moja, "mzima", nijue.

Huku bado kimya. Wanafunzi wangu wameanza kunisalimia kwa upole, na upole wa mwanafunzi unatisha.

Maswali wako


Dukani, 5 Julai

Kwa Kamati ya Kutoa Uprofesa,

Waheshimiwa,

Nimekatazwa kuandika. Ndiyo maana naandika.

Niliwaletea barua mbili. Zote mbili nilidanganya. Na msidhani nimeteleza kama watu wanavyoteleza. Mimi ni mwongo wa daraja la kwanza, mwongo wa kutegemewa, hakuna anayenifikia mji huu wala mji wa jirani. Mkitaka ushahidi ninao benchi zima. Mwalimu mstaafu anayenyolewa hapa anasema tangu anifahamu nimewahi kusema kweli mara moja, nilipomwambia ana upara. Dereva wa lori anasema nilimsimulia jinsi nilivyoogelea mto fulani, na mto huo hauna maji. Fundi Viatu anafuta sahihi yake ya mwezi wa tano na kuweka nyingine hapa chini.

Hadithi ya hakimu si yangu. Niliipata kwa bwana mkubwa aliyenifundisha kazi, marehemu, ambaye alikuwa na mkono mwepesi na mdomo mwepesi kuliko wote. Yeye alisema ilimtokea yeye. Alikuwa anapiga kiti kofi anasema, "Kiti ndicho hiki!" Alipokufa nikarithi kiti, na hadithi ilikuwa imeshakaa juu yake. Yeye aliipata wapi sikuuliza. Mimi sikuzaliwa Maswali.

Na msidhani ni wizi. Kwenye kazi yetu hadithi inavaliwa kama koti la urithi. Ukiivaa unaikaza mabegani, unasema mimi, mimi, mimi. Ukisema "nilisikia kwa mtu fulani", wateja wananyoosha mkono wanachukua gazeti. Kumbe na yule wa lango la soko alisema mimi, mimi, mimi. Nimeambiwa. Basi tuko wengi.

Lakini mpwa wangu si wa kazi hiyo. Yeye ni wa kazi ile nyingine, ya kusema ilitoka wapi. Tangu miguu haifiki chini hajawahi kuniachia hata upande wa ndevu upite bila kuuliza. Mtoto aliyekataa kuchanganya kulia na kushoto kwenye kichekesho cha kinyozi, huyo ndiye wa kubuni kitabu? Nyie mmesoma, lakini hapo mmenishangaza.

Barua hii sikuipeleka posta kimyakimya. Nilifungua duka, nikawaambia watu wa benchi wasonge, nikaisoma yote kwa sauti, hadi huko kwenye mwongo wa daraja la kwanza, ili nisije nikajirudi. Hakuna aliyecheka. Fundi Viatu, ambaye amengoja siku hii tangu tulipokuwa na meno yote, aliinuka akasema anaomba anyolewe ndevu. Hana ndevu. Nilimpaka povu hivyohivyo.

Waheshimiwa, mmeshughulikia upande mmoja, na upande huo ulikuwa wangu mimi mwongo. Malizieni kunyoa.

Wembe
(la dhahabu mtalirudisha wenyewe mkipenda)

*Mimi Fundi Viatu nathibitisha kwamba ni mwongo. Pia ni jirani mwema, hilo hamkuuliza.*


Idara ya Historia, 27 Julai

Mzee wetu,

Barua yako imefika wakati kamati imeshakutana na kumaliza. Wataalamu wote wawili walizisoma picha na kutafsiri ukurasa ule, kila mmoja kwa upande wake, na maktaba ilipofunguliwa mmoja wao alikwenda akauona mswada kwa macho yake. Kila neno liko kama mpwa wako alivyoandika. Uamuzi ulipita bila pingamizi. Ni Profesa.

Kwa maana hiyo barua yako haikuhitajika. Nimeisoma mbele ya wajumbe hata hivyo. Yule aliyekuwa na shaka aliomba nakala. Anasema ni kwa ajili ya kufundishia.

Profesa mpya hutoa hotuba yake ya kwanza mbele ya chuo kizima. Itakuwa tarehe 10 Oktoba, mchana, ukumbi mkubwa. Nimekuwekea kiti mstari wa mbele. Mimi nina ndevu, kwa hiyo nitakaa mbali kidogo.

Wako,
Mkuu wa Idara


Dukani, 3 Novemba

Kwako Profesa Maswali,

Salaam. Mzima, goti zima, ubao umepanda mahali pake. Nimeongeza mstari chini ya WATOTO WANAOLIA HATUNYOI: MAPROFESA WANAPITA MBELE. Fundi Viatu anasema hakuna profesa atakayekuja. Nimemwambia ubao si wa kuleta profesa, ubao ni wa kuudhi majirani.

Nimenyamaza mpaka leo kwa sababu nilikuwa nasimulia. Benchi halijapoa tangu nirudi kutoka kwenye hotuba yako. Wameshasikia jinsi ukumbi ulivyojaa mpaka watu wamekaa madirishani. (Madirisha ya ukumbi ule yako juu sana, najua, lakini niache.) Wamesikia ulivyoingia na joho lile zito, nikamwambia mama mmoja pembeni yangu, "Yule ni mpwa wangu," akasema, "Umeshaniambia, baba, hii ni mara ya ngapi?" Mama yako alikuwa upande wangu wa pili ananong'ona. Waliokuwa nyuma kabisa wanamshukuru, wamejua kila kitu.

Halafu ukasimama. Ukarekebisha miwani. Wakubwa wote wamekaa na nyuso za mahakamani, wanangoja mambo mazito, nawe ukasema, "Watu wa benchi, songeni, mwenzenu apate pa kuweka masikio."

Mtoto wewe. Maprofesa wakasonga! Niliwaona kwa macho yangu, mzee mmoja mwenye tai akabeba na mkoba wake akasonga. Kuna nywele iliniingia jichoni. Usiniulize nywele ya nani, ukumbini hakunyolewi mtu.

Ukaeleza ile desturi ya wanazuoni wao, ijaza, kwamba mtu akihitimu mwalimu anamwandikia hati: mimi nimesoma kwa fulani, naye kwa fulani, naye kwa fulani, mpaka huko mwanzo. Nikawa nafikiri, haya, sasa atawataja wale wa ng'ambo waliomvalisha miwani. Ukawataja, sawa, ni haki yao. Ndipo ukasema, "Na hadithi hii nimeipokea kwa mjomba wangu, kinyozi, aliyeipokea kwa bwana wake, kinyozi, na katikati wapo watu nisiowajua, ambao nitawatafuta mpaka nife, na mwisho wao ni kinyozi wa karibu na lango la soko." Kisha ukaisimulia. Ndevu za kulia. Umeisimulia vizuri, sikatai, ila pale kwenye kukunja wembe umeharakisha. Lazima ukunje polepole, watu wasikie. Ukija nitakufundisha.

Mimi nimesifiwa sana katika maisha yangu, na sifa nyingi nilijipa mwenyewe ili kuokoa muda wa watu. Hiyo ya ukumbini sikuigusa. Imekaa kama ulivyoiweka, sijaitia hata punje ya chumvi, na ni kitu cha kwanza nilicho nacho cha namna hiyo.

Sasa nikupe habari ya jana ndipo nifunge. Ameingia mteja mgeni, ndevu kama ufagio, anapita njia tu. Benchi limejaa. Nimempaka povu, nikaanza hadithi ya hakimu, nikaipeleka mpaka mwisho, polepole kama inavyotakiwa. Akacheka mpaka povu likaruka kwenye kioo. Akaniuliza, "Mzee, hiyo ilikutokea wewe?"

Benchi zima likanigeukia. Fundi Viatu akashika magoti yake kwa mikono miwili.

Nikanoa wembe kwanza kwenye mkanda. Nikasema, "Hapana. Ni ya mtu wa zamani sana. Iko kwenye sura ya tatu ya kitabu cha profesa yule pale juu ya kioo. Ukurasa mzima."

Benchi likapumua. Fundi Viatu akanitazama kama anatazama kiatu kilichoongea. Nikamzungusha mgeni na kiti ili akuone vizuri, nikaanza upande wa pili wa ndevu.

"Na huyo mtu wa zamani," mgeni akasema, "alikuwa nani?"

Mpwa wangu, nimezeeka, sijafa. Nikakipiga kiti kofi.

"Babu yake babu yangu," nikamwambia, "upande wa mama. Unafikiri kiti hiki tulikipata wapi?"

Mjomba wako,
Wembe wa Dhahabu
(wamelirudisha)